Mwanangu Kanikana Mbele ya Askari

Leo nimeadhirika, jamani.

Si kuadhirika kwa kuteleza kwenye ngazi za treni ya metro. Nimeadhirika mpaka nimelia mbele ya Mmisri mwenye tai. Na aliyeniadhiri ni mtoto niliyemzaa mwenyewe, miaka sita, meno mawili ya mbele hana.

Picha niliyoituma humu kikundini asubuhi nyote mliiona. Rukia na sare yake, shati jeupe, sketi ya buluu, nywele mikia miwili, kakaa wima mezani. Chini yake nikaandika (kwa mkono huu huu, Mungu anisamehe): "Mwanangu akiambiwa jambo halivunji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mkanipigia makofi. Mama Hafswa akaleta vikopa vyekundu mstari mzima. Nikavimba kichwa, sikatai.

Kwa mliojiunga na kikundi hivi karibuni, nieleze. Rukia hasomi shule ya nje. Anasomea hapa hapa nyumbani, kwenye fleti yetu mtaa wa Karama, huku ughaibuni, na mwalimu ni mimi. Ada za shule za hapa mnazijua, sina haja ya kuzitaja nikajipandisha presha.

Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Nikimwambia andika, "Mama, njaa." Nikimwambia soma, "Mama, nibebe." Herufi moja ilitumaliza asubuhi nzima. Nikaja kulia humu kikundini, na Mama Hafswa (ambaye ana nyumba Mirdif, mtaa wa wenye nazo, ana msichana wa kazi, ana dereva, na wanawe huchukuliwa na basi la shule mlangoni) akanipa ushauri. Akasema, "Shoga, tatizo lako mtoto hajui mama anaishia wapi na mwalimu anaanzia wapi. Watenganishe."

Nikawatenganisha. Niliwatenganisha vizuri kupita kiasi.

Siku ya Rukia huenda hivi. Baada ya chai na mahamri huniaga pale sebuleni: "Kwaheri mama, naenda shule." Namkumbatia. Anatoka nje ya fleti, anasimama koridoni na mkoba wake mgongoni. Huku ndani mimi natupa leso kabatini, navaa miwani ya kusomea ya baba yake (sioni kitu, lakini hadhi inapanda), kisha nafungua mlango.

"Karibu darasani, Rukia."

"Ahsante, mwalimu."

Chumba cha kulala ndicho darasa. Kuanzia hapo mama hayupo. Mama yuko nyumbani anapika. Anayemwita mwalimu "mama" anaanza zoezi upya, na habari za njaa na kubebwa azipeleke kwa mama yake kengele ikilia. Kengele yenyewe ni sufuria yangu ya pilau na upawa. Napiga mara tatu, shule imefungwa. Rukia anaaga, anatoka tena koridoni, anasubiri kidogo.

"Hodi!"

Mimi mbio, miwani chini, leso kiunoni. "Karibu!"

Anaingia ananirukia shingoni na kunisimulia habari za shule. "Mama, leo mwalimu alikuwa mkali." Au, "Mama, leo mwalimu alisinzia." Nami nasema, "Pole mwanangu, huyo mwalimu ana kazi nyingi." Hivyo ndivyo ninavyojua ninavyofundisha.

Baba Rukia, anayefanya kazi Deira kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo kwenda Mombasa, alipoona mchezo umenoga akataka cheo. Akajipa umwalimu mkuu. Shule akaiita Shule ya Wasichana ya Karama. Idadi ya wanafunzi, mmoja.

Na mwanafunzi huyo, nawaambia, karithi kwa bibi yake mzaa baba. Akishika neno hulitoi kwa koleo. Siku moja katikati ya hesabu alipata jawabu gumu, furaha ikanishinda, nikainama nimbusu. Akarudisha kichwa nyuma. "Mwalimu, mama yangu hatapenda." Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini.

Leo sicheki.

Basi leo tulikuwa na somo la uzito. Nikaona kilo haifundishiki kitandani, darasa lihamie nje, tukajifunze kwa vitendo kwenye duka kubwa karibu na kituo cha metro. Tukatoka. Sare mwilini mwake, miwani usoni mwangu, maana shule bado haijafungwa. Jua linachoma, mimi naona barabara mbili palipo na moja, yeye kanishika mkono ananivusha. (Hapo ningejua nani anamlea nani.)

Dukani tukaanza na nyanya. "Rukia, nyanya ngapi zinafika kilo moja?" Akaweka moja moja kwenye mzani, anahesabu kwa sauti. Baba mmoja wa Kihindi akasimama kutazama, akatabasamu. Nami nilipoona natazamwa nikapandisha sauti: "Sahihi kabisa, Rukia! Sasa nipe nusu kilo ya vitunguu!"

Nikainamia vitunguu kumwonyesha, na kwa sababu ya ile miwani nikawa naokota viazi. Huku nyuma yangu kulikuwa na dada wa Kifilipino aliyesimama na sahani ya vipande vya jibini, anaonjesha wateja. Akamwinamia Rukia.

"Unataka? Muulize mama kwanza."

Rukia akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka (nimemfundisha mwenyewe, jasho langu hilo!), "Mama yangu hayuko hapa."

"Umekuja na nani?"

"Mwalimu."

"Unasoma shule gani?"

"Shule ya Wasichana ya Karama."

"Na wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

Mimi nasikia kwa mbali jina la shule likitajwa, nikafurahi moyoni kwamba sasa tunajulikana.

Yule dada akanijia. Tabasamu la jibini limekwisha usoni. "Samahani, madam. Wewe ndiye mama wa mtoto huyu?"

"Naam, ndiye mimi."

Akamgeukia Rukia. "Huyu ni mama yako?"

Rukia akanitazama. Akaitazama miwani. Akasema kwa adabu zote, "Hapana. Huyu ni mwalimu. Mama yangu yuko nyumbani anapika."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Dada wa jibini hakucheka, baba wa Kihindi aliyekuwa akitabasamu akaacha kutabasamu, na kabla sijatoa viazi kwenye mfuko wa vitunguu, askari wa duka alikuwa amesimama mbele yangu.

Askari mwenyewe msichana Mkenya wa bara, jina lake Faith, limeandikwa kifuani. Nikashukuru Mungu. Wa kwetu huyo!

"Dada yangu," nikamwambia, "huu ni mchezo tu wa nyumbani. Huyu mwanangu."

"Madam, mimi nakuskia," akasema, lakini mkono kashamshika Rukia. "Sasa niambie. Mtoto ako na uniform, ni saa nne asubuhi, na yeye mwenyewe anasema wewe si mamake. Nifanye aje? Twende ofisini tuongee na supervisor. Ni dakika tu."

Tukapita mbele ya watu wote. Mimi nyuma, Rukia mbele kashikwa mkono na askari. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu nilipopita. Ewe ardhi, pasuka!

Ofisi yenyewe ndogo, baridi ya kiyoyozi inauma mifupa, ukuta mzima ni runinga za kamera. Msimamizi wake ni huyo Mmisri mwenye tai. Akanikaribisha kiti. Akataka kitambulisho changu na cha mtoto.

Nikatia mkono mfukoni. Nikakumbuka. Vitambulisho vyetu viko kwenye mkoba wangu wa ngozi, na mkoba wa ngozi ni wa mama. Mwalimu hubeba mfuko wa kitambaa wenye chaki.

Nikautoa ule mfuko. Chaki ikamwagika mezani kwa bwana yule.

"Sikiliza, madam," akasema kwa Kiingereza, polepole. "Mtoto hatoki hapa na mtu ambaye yeye mwenyewe amemkana. Usiponionyesha kitu, nitawaita polisi. Ni kazi yangu."

Mpaka dakika ile nilikuwa naona haya tu. Sasa nikaingiwa na hofu. Nikaona polisi wanakuja. Nikaona Rukia anapandishwa gari moja, mimi jingine, katika nchi ya watu, na sijui nitamwambia nini baba yake, wala bibi yake kule Mombasa aliyesema tangu mwanzo kwamba mtoto apelekwe kwake akasome. Nikasema liwe liwalo, leo lazima mtoto huyu aniite mama.

Nikavua miwani. "Rukia, mwanangu, nitazame. Nani huyu?"

"Mwalimu amevua miwani," Rukia akamweleza Faith.

"Rukia! Ni mama!"

"Mwalimu," akanong'ona, kana kwamba ananisaidia nisiumbuke, "anayesema mama anaanza zoezi upya."

Nikatoa simu. Picha! Nikatafuta ile ya Idi, mimi na yeye tumevaa nguo za kufanana, tumekumbatiana. Nikampa Faith. Faith akachutama. "Babe, huyu kwa picha ni nani?"

"Mama," Rukia akasema, uso ukachanua.

"Na huyu amekaa kwa kiti?"

"Mwalimu."

Faith akatazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu. "Lakini si wanafanana?"

Rukia akafikiri. "Wanafanana sana," akakubali.

Mmisri akashika simu ya mezani. Nikamshika mkono (namshika mwanamume wa watu mkono, mimi!). "Sir, tafadhali, mpigieni baba yake. Baba yake atawaambia." Akakubali. Nikampigia Baba Rukia, Faith akaweka sauti ya nje. Huko tukasikia makelele ya wapakizi na mtu anawahimiza yalla, yalla, haraka.

"Rukia," Faith akasema, "ongea na baba."

Rukia aliposikia sauti ya baba yake akasimama wima, mikono ubavuni.

"Asalaam aleikum, mwalimu mkuu!"

Na mume wangu, mwanamume mwenye akili timamu, aliyeniposa kwa heshima zote, bila ya kuuliza kwa nini anapigiwa saa za kazi, akajibu kwa ile sauti nzito ya cheo chake:

"Waaleikum salaam, mwanafunzi. Mwalimu wako leo amefika kwa wakati?"

"Baba Rukiaaa!" nikapiga ukelele. Wapi! Mzigo huko umeanguka, watu wanagombana, simu ikakatika.

Faith akamtafsiria Mmisri. Neno kwa neno, tena vizuri. Mmisri akakaa mbele kwenye kiti. "Kwa hiyo kuna mwalimu mkuu. Mko wangapi kwenye hii shule? Leseni yake iko wapi?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikafunika uso kwa mikono miwili nikalia. Si kilio cha kutafuta huruma. Ni kile cha mabega, cha kamasi, mtu akiwa kaishiwa maneno. Nililia kwa woga, na nililia kwa sababu mwanangu amekaa pale mbele yangu, mkono nikinyoosha namfikia, na siwezi kumkumbatia.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Rukia akaja akasimama kando yangu. Midomo yake inatetemeka, macho yamejaa, lakini mikono kaifunga nyuma.

"Usilie, mwalimu," akasema. "Kengele ikilia utaenda kwenu."

Nikanyanyua kichwa.

Kengele!

"Faith!" nikasema. "Dada yangu, nakuomba kwa jina la Mungu wako, niletee kitu cha kugonga!"

Faith akamtazama bosi wake. Bosi akatazama mimi, chaki, mtoto, akainua mabega. Kwenye kona kulikuwa na sinia yao ya chai. Faith akanipa pamoja na kijiko. Nikagonga. Sinia ya plastiki. Tup, tup, tup.

"Hiyo si kengele," Rukia akasema.

"Sufuria!" nikalia. "Ya chuma! Na upawa!"

Faith akatoka mbio. Kwenye kamera ukutani tukamwona sote akikata njia za duka, akipita unga, akipita sabuni, akiingia kwenye vyombo. Dada wa jibini akamfuata. Wakarudi wote wawili, nyuma yao baba wa Kihindi na mama aliyemvuta mwanawe, wote wanataka kujua mwisho wake. Faith kabeba sufuria kubwa ya kupikia biriani, bado ina karatasi ya bei, na upawa wa kutosha harusi.

Nikavaa miwani. Nikasimama. Nikafuta kamasi kwa mkono wa buibui. Mbele ya halaiki hiyo yote nikapiga ile sufuria mara tatu kwa nguvu zangu zote, hata huko dukani mtu wa kupokea pesa akasimamisha mashine yake.

Rukia akavuta pumzi. Akauweka mkoba mgongoni.

"Kwaheri mwalimu. Tutaonana kesho, inshallah."

Akawapenya watu mlangoni, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Anaenda wapi?" Mmisri akaruka kutoka kitini.

"Mngoje, sir," nikasema. Nikavua miwani, nikaitia mfukoni. Leso sina, nikachukua kitambaa cha kufutia meza cha Faith nikakifunga kiunoni.

Mara mlangoni, ngo, ngo, ngo.

"Hodi!"

Mimi bado napambana na fundo la kitambaa. Ikabidi Faith aniitikie: "Karibu!"

Mlango ukafunguka. Rukia akasimama pale, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kile kitambaa, na uso wake mzima ukakunjuka.

"Mamaaa!"

Akaruka. Nikamdaka. Akanibana shingo mpaka pumzi ikakatika, na pale pale masikioni mwangu, kwa sauti ya kusikika na duka zima, akaanza kunipa habari za shule:

"Mama! Mama! Leo mwalimu amekamatwa!"

Faith akamtafsiria bosi wake, na wallahi, sijawahi kuona Mmisri akicheka vile. Alilegeza tai. Aliinamisha kichwa mezani kwenye chaki. Faith kageukia ukuta, mabega yanamrukaruka. Dada wa jibini akamrudilia baba wa Kihindi kile Kiingereza cha Faith. Mmisri alipopata pumzi akafuta macho, akapunga mkono: "Khalas, madam, yameisha. Yalla, mpeleke mtoto nyumbani." Kisha akaniita nimeshafika mlangoni. "Na yule mwalimu," akasema, "mwambie atembee na kitambulisho."

Sufuria imenibidi niinunue. Nimeibonyeza.

Nje tukakutana na Baba Rukia, aliyesikia ukelele wangu na kujua leo darasa liko dukani, anashuka kwenye teksi, jasho tepetepe, pasipoti zote za nyumba alizozipitia nyumbani kashika mkononi. "Kuna nini? Kuna nini?" Nilimkabidhi sufuria tu. Mwalimu mkuu nitakutana naye kwenye kikao cha wafanyakazi.

Tulipoketi ndani ya teksi Rukia akalala mapajani mwangu. Nikadhani kasinzia.

"Mama, mwalimu leo alilia."

"Nimesikia, mwanangu."

"Nilitaka kumkumbatia. Lakini kengele ilikuwa haijalia."

Nikageukia dirishani. Baba yake naye akatazama la upande wake.

"Mama."

"Naam."

"Mwalimu ana mtoto?"

"Anaye. Mmoja."

Akalitafakari jambo hilo mpaka taa za njiani zikabadilika.

"Basi kesho akae naye," akasema. "Mimi nitabaki na wewe."

Kwa hiyo kesho shule haifunguliwi. Mama Hafswa, ahsante kwa ushauri, sitaki mwingine. Na nyinyi mliobaki, nawaona hapo mmeshika mbavu: asicheke mtu humu. Kengele haijalia.